Barua ya Kazi Iliyotuletea Mchele Wetu Wenyewe

Kosa nililofanya mapema ni hili: nilidhani shirika linalosaidia maskini linaajiri maskini.

Leo nimeaibika. Siyo ile aibu ya kuteleza kwenye tope watu wawili wakakuona. Aibu yangu imekuja na nyimbo, vitenge, na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, kwa sababu najua kesho baada ya misa mtasikia habari hii kutoka kwa Mama Skola, na katika habari ya Mama Skola mimi nimezimia. Sikuzimia. Nilitamani tu.

Nianze mwanzo.

Kuna shirika la misaada hapa Mpanda mjini limetangaza nafasi ya mhamasishaji jamii. Wanataka mtu aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kuendesha pikipiki, mkazi wa Katavi. Vyote hivyo ninavyo. Halafu chini kabisa wameandika kwamba mwombaji alete barua ya kueleza kwa nini yeye ndiye anayefaa, na barua hiyo ioneshe kwamba anaelewa maisha ya kaya zenye uhitaji. Pia alete utambulisho wa kiongozi wa dini au wa mtaa, wenye kuthibitisha kwamba ni mtu mkweli. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi saa sita mchana. Yaani leo.

Nyie mnanijua. Chuo sijaenda. Kompyuta nimejifundisha mwenyewe, na barua za kazi nimejifundisha kwa video za kwenye simu. Jamaa mmoja kwenye video alisema barua nzuri ni ile inayomfanya msomaji asahau chai yake mpaka ipoe. Hilo likaniingia moyoni. Kwa wiki nzima nikawa naandika barua ya kupoza chai ya watu.

Shida yangu ni kwamba siwezi kuandika kitu nikakiacha. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya kweli tupu: kwetu ni Magamba, mama analima mpunga Mwamkulu, baba ni mlinzi kwenye kambi ya wageni kule Sitalike, tuna ng'ombe wawili na kuku wanaojijua wenyewe idadi yao. Nikaisoma. Isingepoza hata maji. Nikaondoa ng'ombe. Ikawa nzuri zaidi. Nikaondoa kuku. Ikaanza kugusa. Nikaezua bati nikaweka nyasi. Kadiri lugha ilivyopanda ndivyo familia yetu ilivyofilisika. Kufikia Alhamisi tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na chenyewe ni uji.

Kuhusu baba niliandika, "Baba hayupo nasi." (Kweli hayupo. Yupo Sitalike. Anarudi akipata likizo.)

Lakini sentensi niliyoipenda kuliko zote ni hii: "Nyama tunaijua kwa harufu tu, upepo ukitokea kwa jirani." Nilipoiandika nilisimama. Nikazunguka chumba. Nikaisoma kwa sauti, nikaisoma tena kwa sauti ya chini.

"Festo, unaumwa?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Hapana mama, naandika."

"Njoo ule kwanza."

Ilikuwa maini.

Ijumaa nikaenda steshenari kuichapa. Kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza, wenye anwani ya shirika na ile YAH: MAOMBI YA KAZI, ukatoka umepinda kidogo upande wa kushoto. Dada wa steshenari akasema haionekani. Mimi niliiona. Nikamwomba aurudie, na hapohapo umeme ukakatika. Nikasema sawa, nitarudi kesho asubuhi kwa ajili ya ukurasa wa kwanza, ila wa pili ninao, umenyooka, ngoja niuwahishe kwa mwenyekiti auangalie wakati akiniandalia utambulisho. (Mtu mwenye akili angepeleka kurasa zote mbili. Mtu mwenye akili hapeleki ukurasa uliopinda kwa mwenyekiti. Hapo ndipo nilipokwama.)

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ni Mzee Sikazwe. Sikumkuta. Nilimkuta mke wake, Mama Skola, anapeta mchele.

"Shikamoo mama. Mzee yuko?"

"Marahaba. Kaenda shamba. Ni nini hicho?"

"Bahasha ya mzee. Yeye atajua cha kufanya."

Akafuta mikono kwenye khanga, akaipokea kwa mikono miwili, akanitazama usoni muda mrefu kuliko kawaida.

"Pole sana, mwanangu," akasema.

Nikadhani ananipa pole ya jua.

Sasa kwa wale ambao si wa jumuiya yetu, niwaeleze kitu. Kwetu mtu akiwa na shida hasimami mbele za watu kuisema. Anaiandika kwenye karatasi, anaitia kwenye bahasha, anaipeleka kwa mwenyekiti siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi, baada ya Injili, mwenyekiti anaisoma bila kutaja jina. Watu wanatoa walichonacho. Halafu kamati ya matendo ya huruma inakipeleka kimyakimya, mtu asiaibike. Ni utaratibu mzuri sana. Nimekua nao tangu nabatizwa.

Na mkuu wa kamati hiyo ni mama yangu mzazi.

Mtaniuliza, Festo, Ijumaa ile unapeleka bahasha kwa mwenyekiti wa jumuiya ulikuwa unawaza nini? Nilikuwa nawaza ule ukurasa uliopinda.

Leo asubuhi tukaenda kusali nyumbani kwa Mzee Sikazwe, mimi na mama. Nilivaa shati la mikono mirefu na suruali yenye mstari, kwa sababu mpango wangu ulikuwa nikitoka pale nachukua utambulisho, napitia steshenari, naenda ofisini kwao. Baba alibaki nyumbani. Alifika jana jioni kwa likizo na mguu mzima wa mbuzi, na alisema atasali akiwa anauangalia.

Tukasali. Injili ikasomwa. Mzee Sikazwe akavaa miwani, akatoa bahasha mfukoni.

Nikaifahamu bahasha yangu.

Mwanzoni sikuogopa. Nilifikiri anataka kunirudishia mbele za watu, labda anipongeze. Akafungua karatasi, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, kati yetu kuna familia inapita kwenye bonde. Nitasoma kama ilivyoandikwa. Mimi mwenyewe jana nilishindwa kula."

Chai yake ilikuwa imepoa. Nilifaulu.

Akaanza kusoma. Ukurasa wa pili ulianza moja kwa moja na bati lililoezuliwa. Niliganda. Lakini nitasema ukweli wote, kwa sababu nisipousema mimi utanitoka usingizini: nilipokuwa nimeganda vile, sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa inasikiliza anavyosoma. Alipita kwenye mkato bila kupumua. Nilitaka kumwambia arudie.

Kisha akafika kwenye nyama na upepo wa jirani. Bibi Tekla, yule bibi anayeuza mchicha pale njia panda, akatoa sauti kama mtu aliyechomwa na mwiba. Akajifunika uso kwa khanga. Na mimi (Mungu anisamehe) nikajisikia vizuri kidogo.

Halafu nikageuka, nikaona mama yangu analia.

Mama halii. Mama alizika wazazi wake wote wawili akiwa anagawa chakula kwa waombolezaji. Leo alikuwa analia machozi ya kweli kwa ajili ya familia isiyojulikana, inayokula uji mara moja kwa siku, ambayo mtoto wake mkubwa anasema, "Niko tayari kuanza wakati wowote mtakaponiita." Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya mwisho. Mzee Sikazwe aliisoma taratibu, akavua miwani, akasema, "Huyu kijana yuko tayari kuitwa na Bwana."

Nikainua mkono. "Mzee, naomba kusema kitu."

Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mwanaume mzima.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Tunajua. Kaa tu."

Nikakaa.

Watu wakaanza kutoa. Huyu mahindi, yule mafuta ya kula, mwingine suruali mbili za mume wake alizokuwa amemshonea zikambana. Bibi Tekla alifungua kifuko chake, akatoa nusu mche wa sabuni, akaukata kwa kisu cha Mama Skola, akaweka kipande kimoja mezani na kingine akakirudisha.

Mama akasimama, bado anafuta macho. "Mimi natoa debe la mchele. Na leo nasema mbele yenu, hii siyo kazi ya kamati peke yake. Twendeni wote. Twende tukiimba, ile familia ijue ina ndugu."

Mzee Sikazwe akashtuka. "Mama Festo... wote? Una uhakika?"

"Mzee, njaa haina siri. Watu wakijificha na shida zao ndiyo wanakufa nazo."

Mzee akamshika bega. "Mama, Mungu akubariki kwa ujasiri huo. Mimi nisingeweza."

Mama akadhani amesifiwa kwa ajili ya debe.

Kisha akanigeukia. "Festo, kimbia nyumbani ukalete ule mchele mpya wa Mwamkulu. Siyo ule wa chenga. Ule mpya."

Jamani, nisikilizeni vizuri. Nilikimbia mpaka nyumbani kwetu kuchukua mchele wetu, niupeleke kwa Mzee Sikazwe, ili ubebwe urudishwe nyumbani kwetu. Njiani nilikuwa na nafasi nzuri ya kufikiri. Nilifikiri kutoroka kwenda Sitalike. Lakini wa kunipokea kule alikuwa nyumbani, amekaa mbele ya jiko la mkaa.

"Unaupeleka wapi huo?" baba akaniuliza.

"Kwa wenye shida."

"Kina nani?"

"Watajulikana."

"Haya. Wasalimie," baba akasema, akageuza mguu wa mbuzi.

Ningeweza kumwambia pale pale. Ila saa tatu ilikuwa imeshapita, utambulisho bado sina, na wa kuuandika ni Mzee Sikazwe peke yake, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa amesafiri. Nikajipa mpango: nikifika namvuta mzee pembeni, namweleza kwa sekunde chache, ananielewa, msafara unafutwa.

Nilipofika walikuwa wameshajipanga barabarani.

Mama akachukua debe, akaliweka kichwani kwenye kata, akaanzisha wimbo. Mama ana sauti. Watu wakaitikia. Tukaondoka. Nilijipenyeza mpaka kwa mzee, nikamnong'oneza, "Mzee, ile barua ni ya kazi."

"Najua, mwanangu," akanijibu. "Kazi ya Bwana ni ngumu."

"Hapana mzee, kazi ya ajira!"

Wimbo ulikuwa umefika kwenye vigelegele. Akatikisa kichwa kuonesha amesikia. Hakusikia chochote.

Mama hakuwa anajua tunaenda kwa nani, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele, alikuwa anakisia. Tukikaribia nyumba yoyote iliyochoka anapunguza mwendo, anageuka, anamwangalia mzee. Mzee anaashiria mbele. Tukapita kwa wachoma matofali. Tukapita kwa yule kijana anayeishi na pikipiki mbovu. Mama akawa anaongeza sauti kwa sababu, alivyonieleza baadaye, alidhani familia yenyewe ipo mbali na imesahauliwa kabisa.

Watu wakawa wanatoka majumbani. Watoto wakatufuata. Nikaona watu niliosoma nao wamesimama dukani, mmoja akanipungia mkono. Nikampungia. Ungefanya nini?

Tukaingia mtaa wetu.

Geti letu ni la bati la bluu. Mama alilipita. Akaendelea mbele na debe lake, anaimba kwa moyo wote, anaelekea kwa jirani wa tatu. Nyuma yake msafara ukasimama. Mzee Sikazwe alikuwa ameinua mkono mbele ya geti la bluu, na watu wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kama redio zinazozimwa.

Mama akaimba mstari wake. Hakuna aliyeitikia. Akauimba tena, kwa nguvu zaidi, akidhani tumechoka. Akageuka taratibu, maana debe halitaki haraka.

"Mbona mmesimama kwangu?"

Akarudi hatua mbili, debe kichwani.

"Mnataka maji? Twendeni kwanza, maji tutakunywa tukirudi."

"Mama Festo," mzee akasema kwa upole mkubwa sana. "Shusha mzigo, mama. Umefika."

Mama akamtazama. Akatazama geti. Akatutazama sote, mahindi, mafuta, suruali mbili.

Na hapo geti likafunguka kutoka ndani. Baba akatoka, kisu mkono mmoja, kipande cha mnofu mkono wa pili, moshi wa mbuzi ukamfuata mpaka barabarani.

"Karibuni, karibuni!" akasema. "Nimesikia nyimbo. Kwema? Kuna msiba?"

Mzee Sikazwe akamwangalia baba kama mtu anayemwona marehemu.

"Baba Festo. Upo?"

"Nipo. Nimefika jana."

"Imeandikwa haupo."

"Imeandikwa wapi?" Hilo aliuliza mama.

Nilitaka kuichukua ile karatasi. Nilinyoosha mkono kabisa. Lakini Mama Skola ni mwepesi kuliko umri wake, akaichukua kwa mumewe, akampa mama. Watu wakamtua mama debe. Mama akasoma.

Mama anasoma kwa sauti. Amezoea hivyo, hata ujumbe wa simu. Akasoma kuhusu paa la nyasi, macho yakapanda kwenye bati letu, yakashuka. Akasoma kwamba hatuna hata kuku, na mnajua kuku walivyo, walikuwa wamepita getini na kuanza kula mahindi ya msaada. Akasoma sentensi ya nyama na upepo wa jirani. Upepo ulikuwa unatokea kwetu.

Akafika chini kwenye jina. Akashusha karatasi.

"Festo."

"Naam, mama."

"Mimi nakulisha uji?"

"Ni lugha ya kushawishi, mama."

"Ya kabila gani?"

Nikawaeleza wote, hapo barabarani, kila kitu: shirika, kazi, ukurasa uliopinda, umeme, saa sita. Nilieleza vibaya. Nilianza na umeme. Nilipomaliza, Mama Skola akasema, "Yaani umemuua baba yako na mwenyewe anachoma nyama!" Na barabara nzima ikalipuka. Wengine walikaa chini. Baba alicheka mpaka akampa mzee kisu amshikie.

Bibi Tekla ndiye hakucheka haraka. Akanisogelea, akanishika mkono wa shati.

"Mjukuu wangu, mimi nimelia. Nirudishie machozi yangu."

"Nisamehe, bibi."

"Na ile ya upepo uliitoa wapi?"

"Kichwani, bibi."

"Mimi naijua," akasema. "Ndiyo maana nikalia." Kisha na yeye akacheka, nami nikaona bora angenipiga.

Saa nne ilikuwa imepita. Nikamwambia Mzee Sikazwe kwamba bado naomba utambulisho. Sijui niliutoa wapi huo uso.

"Niandike kwamba wewe ni mkweli?" akauliza. "Leo? Mimi na mkono wangu huu?"

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka. Niwaambie kitu ambacho sijawahi kuwaambia: hii siyo barua yangu ya kwanza. Nimeshaandika nyingi, na nyingi hazikujibiwa hata kwa kukataliwa. Na wale pale barabarani niliwaambia hivyo hivyo, wakaacha kucheka ghafla. Afadhali wangeendelea.

Mama akasema, "Mzee, mwandikie. Ila hii hapa," akaikunja karatasi yangu iliyonyooka, akaikunja mara nyingi, "hii haiendi popote. Ataandika nyingine. Hapa hapa. Na sisi tukiwepo."

Ndivyo nilivyoandika barua ya kazi barazani kwetu, kwa kalamu ya mkono, kwenye karatasi ya daftari, watu wote wa jumuiya wakiwa wamenizunguka wanakula mbuzi wa baba. Mtu mmoja akanidondoshea mafuta pembeni ya karatasi. Nikaomba nianze upya. Mama akasema, "Endelea." Nikaendelea.

"Niandike nini?" nikauliza. "Sina uzoefu wowote."

"Huna?" Mzee Sikazwe akasema. "Siku ile ng'ombe wa wale wafugaji walipoingia kwenye mpunga wetu kule Mwamkulu, watu wameshashika fimbo pande zote, nani alikaa katikati akaandika makubaliano, akayasoma kwa Kiswahili, akamwomba mama mmoja wa kwao awasomee wazee wao kwa Kisukuma?"

"Mimi. Lakini hiyo si kazi."

"Tuliondoka pale wote tuna meno. Andika."

Nikaandika.

"Andika na ile ya karatasi zangu za hospitali," Bibi Tekla akasema. "Ulinisomea, ukanisindikiza, ukagombana na yule wa dirishani."

"Sikugombana, bibi."

"Uligombana vizuri. Andika."

Nikaandika kwamba nilifuatilia. Mama akasoma begani kwangu, akasema, "Weka na mifugo." Nikaweka ng'ombe wawili na kuku. Baba akataka niweke na mbuzi. Nikamwambia mbuzi tunamla. Akasema weka hivyo hivyo. Sikuweka.

Barua ilikuwa fupi kuliko yoyote niliyowahi kuandika, na imejaa vitu ambavyo kila mtu pale aliviona kwa macho yake.

Mama hakukubali mchele urudi ndani. Alisema ukishatoka kwa ajili ya mtu umetoka. Mahindi yaliyosalia, mafuta, suruali, vyote vikarudi kwa wenyewe, lakini debe akaniwekea mimi kichwani, nikiwa na shati langu lile la mikono mirefu, akasema, "Mpelekee Bibi Tekla kwake. Akikataa, mwambie shingo imekuuma huwezi kurudi nalo."

Alikataa. Nikamwambia habari ya shingo. Akafungua mlango.

Nilifika ofisini kwao saa sita ikikaribia, jasho mpaka kwenye soksi, karatasi ya daftari mkononi yenye doa la mafuta ya mbuzi. Dada wa mapokezi akaangalia barua, akaangalia doa, akafungua utambulisho wa Mzee Sikazwe. Mimi nilikuwa sijausoma, mzee aliukunja na kuupiga mhuri bila kunionesha. Dada akausoma kwa sauti, nadhani kwa sababu hakuamini:

"Namfahamu kijana huyu tangu alipobatizwa. Akiwaambia watu watoe, wanatoa. Leo asubuhi alidanganya jumuiya nzima, na kabla ya saa tano alikuwa ameungama barabarani. Barua iliyoambatanishwa tumeikagua sote."

Akainua macho. "Huyu mzee anakupenda au anakuchukia?"

"Bado sijamuuliza," nikasema.

Akagonga mhuri wa kupokea. Akatazama saa ukutani, akafunga dirisha nyuma yangu. Majibu, akasema, tutapigiwa simu.

Basi ndiyo hivyo. Sijui kama nitapigiwa. Ninachojua ni kwamba tangu leo mchana hakuna karatasi yangu inayotoka nyumbani bila mama kuisoma kwanza. Hata haya mnayoyasoma kayasoma, kwa sauti, baba akiwa anasikiliza. Ametoa sentensi mbili alizosema nimezipamba, na ameruhusu mcheke.